Toka Fidla ya Kidumbaki Hadi Jazi ya New York: Mwongozo wa Kuusaka Muziki wa Dunia na Kuusikiliza Barazani

Kikao chetu cha kwanza nilikiua mwenyewe. Nilikusanya watu kumi na mbili barazani kwetu Kikwajuni baada ya sala ya Isha, kahawa ipo, kashata zipo, nikawawekea simfonia ya tisa ya Beethoven kuanzia mwanzo. Ile kazi inapita dakika sitini. Ilipofika ya ishirini walikuwa wamebaki watatu, na mmoja wao alikuwa amelala. Aliyebaki macho, mvuvi mmoja jirani yangu, akaniuliza: "Hizo fidla wanapiga watu wangapi?"

Suali lake ndilo lililonifunza kazi. Yeye Beethoven hakumjua na hakutaka kumjua. Fidla aliijua. Ameisikia harusini tangu mtoto, na sikio lake liliikamata hapo hapo ndani ya ule mvumo wote. Tokea siku ile sianzi tena na majina makubwa wala orodha za "albamu mia bora za dunia". Naanza na sauti ambayo msikilizaji anayo tayari, kisha naifuata inakokwenda. Sisi Wazanzibari tuna bahati katika hili: muziki wetu wenyewe umekuja kwa jahazi, na kila chombo chake kina ndugu ng'ambo.

Hatua ya kwanza: lisafishe sikio nyumbani

Kabla ya kwenda Mali au Marekani, chukua wimbo mmoja wa taarab asilia, wa Ikhwani Safaa (kikundi cha tangu 1905) au wa Culture Musical Club (1958), uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza sikiliza maneno, maana utayasikiliza tu hata nikikukataza. Mara ya pili yaache maneno, fuata chombo kimoja tu toka mwanzo hadi mwisho: udi (ndugu wa gita), au ganuni (nyuzi nyingi za kudonoa), au nai (filimbi ya mwanzi). Mara ya tatu sikiliza chini kabisa, besi na ngoma. Andika kwenye karatasi ulichokisikia. Watu wengi hushangaa kwamba wimbo walioujua miaka ishirini una akodiani ndani yake.

Kisha tafuta bashrafu, ule muziki usio maneno unaopigwa kufungulia shughuli. Jina hilo limetoka kwa Waturuki kupitia Misri. Kwao ni peşrev. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Kwa hiyo ukiwa umekaa Vuga unasikiliza bashrafu, umeshafika Cairo na Istanbul bila ya pasi ya kusafiria. Itafute peşrev ya Kituruki siku hiyo hiyo uisikie. Utaona mahadhi yanavyofanana, na utaona pia pale ambapo watu wetu wameongeza chumvi yao.

Na nenda ukasikie vyombo vikipigwa mbele yako. Spika haikufunzi fidla inatoka upande gani. Vikundi vya taarab hufanya mazoezi jioni, na ukipiga hodi kwa adabu, ukawaamkia wazee na ukakaa kimya, sijaona anayefukuzwa. Sauti za Busara huja kila Februari tangu 2004, na chuo cha muziki cha DCMA kimekuwapo tangu 2002. Wanafunzi wake hupiga mbele ya watu.

Hatua ya pili: shika uzi mmoja, uvute

Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo nitakapokaa.

Uzi wa *fidla* ndio mwepesi kwa kuanzia. Anza na kidumbaki: fidla moja, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), cherewa za kutikisa, mikwasa ya kugonganisha na sanduku la besi. Mpiga fidla wa kidumbaki hapumziki, anakimbizana na wachezaji usiku kucha. Toka hapo nenda Cairo, kwa Umm Kulthum, aliyekuwa akiimba redioni Alhamisi ya kwanza ya mwezi na wimbo mmoja ukachukua saa nzima. Usianze na saa nzima! Chukua "Enta Omri" ya 1964, kazi ya kwanza aliyotungiwa na Mohamed Abdel Wahab, na usikilize utangulizi wake tu, kabla Bibi hajafungua mdomo. Zile fidla zinazokwenda pamoja kama kundi la ndege ndizo walizoziiga wazee wetu.

Kisha vuka kwenda India ya Kusini. Kule waliichukua fidla ya Kizungu zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, wakaipiga wakiwa wamekaa chini, miguu wameikunja, kichwa cha fidla kimeegemea mguuni. Mkono wa kushoto unakuwa huru, unateleza juu ya nyuzi, na fidla inaimba kama koo la mtu. L. Subramaniam ni mlango mzuri.

Kutoka huko rukia Hungaria. Béla Bartók alikuwa mtunzi wa klasiki aliyetembea vijijini na mashine ya kurekodi, akikusanya nyimbo za wakulima. Mwaka 1932 alikwenda pia Cairo kwenye mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu. "Ngoma za Kiromania" alizozitunga 1915 ni sita, na zote kwa pamoja hazizidi dakika sita au saba. Tafuta zilizopangwa kwa fidla na piano. Ya tatu, fidla inatoa sauti nyembamba kama nai kwa mbali. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande bora cha kumtia Mzanzibari kwenye klasiki: kifupi, kina mapigo ya ngoma, na mahadhi yake hayako mbali na yetu.

Maliza uzi huu Paris. Mwaka 1934 Stéphane Grappelli na mpiga gita Django Reinhardt waliunda kundi la jazi la fidla moja, magita matatu na besi. Hamna ngoma hata moja, na bado mguu hautulii. Django alikuwa ameungua kwa moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikawa havimsaidii sana. Nyimbo zile za kukimbia alizipiga kwa vidole viwili vilivyobaki. Kisa hiki ukikieleza barazani, watu huomba wimbo urudiwe.

Uzi wa *udi* ni wa usiku mkubwa. Msikilize Munir Bashir wa Iraq akiwa peke yake, hana mwimbaji wala ngoma. Kisha Ahmed Abdul-Malik, mpiga besi wa New York aliyepiga na Thelonious Monk, ambaye mwaka 1958 alirekodi albamu ya "Jazz Sahara" akichanganya udi na jazi. Kisha Anouar Brahem wa Tunisia katika "Thimar" ya 1998: udi, besi, na mpulizaji mmoja wa saksafoni na klarineti ya besi, basi. Ukitaka kwenda kwenye klasiki, kumbuka kwamba lute ya Wazungu ni mtoto wa udi. Hata jina lake ni "al-ud" lililomeguka.

*Zumari* ni uzi mfupi. Toka zumari ya ngoma zetu nenda kwa Bismillah Khan wa India, aliyeitoa shehnai kwenye harusi akaifanya chombo cha heshima, kisha obo ya Bach. Zote tatu hupigwa kwa matete yanayogongana mdomoni. Ila usiweke zumari na shehnai mfululizo kwenye spika ndogo, masikio yatauma.

Na *sanduku*. Hili nalipenda kwa sababu hakuna anayelitarajia. Sanduku la chai lililopinduliwa, fimbo na uzi: ndiyo besi ya kidumbaki. Uingereza, miaka ya 1950, vijana wasio na pesa ya besi walitumia sanduku lile lile la chai kupiga muziki ulioitwa skiffle, nao ulifufuliwa ndani ya bendi za jazi za huko. Kutoka sandukuni panda hadi besi yenyewe, kwa Charles Mingus. Vijana wa Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja, waliposikia kwamba kuna Waingereza waliopiga sanduku, walicheka kwanza, kisha wakataka kusikia.

Hatua ya tatu: upate muziki bila kulimaliza bando

Sauti ya kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, inakula kama megabaiti moja kwa dakika. Saa nzima ni kama megabaiti sitini. Video inakula mara kadhaa zaidi na picha huna haja nayo. Kwa hiyo pakua usiku penye waifai, sauti tu, kwa njia halali ya programu unayotumia, na siku ya kikao uzime data kabisa. Simu ikilia katikati ya Munir Bashir ni aibu.

Internet Archive ina santuri nyingi za zamani za bure. Kwa sheria ya Marekani, sauti zote zilizorekodiwa kabla ya 1923 ziliachwa huru tangu tarehe 1 Januari 2022, kwa hiyo jazi ya mwanzo kabisa unaweza kuipakua bila hofu. Programu ya Radio Garden inakuonesha dunia nzima kama mpira. Gusa mji wowote usikie redio yake. Mimi huitumia kama mvuvi anavyotumia mshipi: natupa Bamako, natupa Cairo, na kikinasa kitu naandika jina hapo hapo. Andika jina! Nimepoteza nyimbo nzuri kwa kudhani nitakumbuka.

Kwa muziki wa asili wa Afrika, kuna hazina ya ILAM, Afrika Kusini, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Na usimruke Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Watu wengi wa hapa wanamjua Toumani Diabaté wa Mali na kora yake ya nyuzi ishirini na moja, lakini ilimba ya Zawose, ile ya kudonoa kwa vidole gumba, hawajawahi kuisikia, naye ni wa ng'ambo ya maji tu hapo.

Hatua ya nne: jua namna ya kusikiliza kila kimoja

Jazi kwanza, kwa sababu ina mtego. Ukisema "jazi" mbele ya mzee wa Unguja anafikiria Morogoro Jazz na Western Jazz, yaani dansi, magita na rumba. Usimsahihishe kwa kiburi. Bendi zile zilijiita hivyo na jina ni lao. Sema "jazi ya Marekani" yaishe.

Kisha eleza jazi kwa shairi. Chukua "So What" ya Miles Davis, iliyorekodiwa Machi 1959. Kila mzunguko wa wimbo ule una sehemu nne zilizo sawa kwa urefu, kama ubeti wenye mishororo minne. Wa kwanza na wa pili umekaa mahali pamoja, wa tatu unapanda nusu hatua, wa nne unarudi nyumbani. Besi inauliza, pembe zinaitika kwa sauti mbili tu: kiongozi na waitikiaji. Baada ya hapo kila mpigaji anapewa beti zake ajibu kwa lake la moyoni, bila ya kuvunja mizani. Mtu aliyewahi kukaa kwenye malumbano ya washairi anaelewa hapo hapo. Mwambie asubiri ule mshororo wa tatu. Akiusikia ukipanda, keshaingia.

Muziki wa raga wa India una ugumu mwingine: mwanzo hauna ngoma. Mpigaji anaizunguka sauti taratibu, pengine dakika nyingi, kama taksimu ya udi kabla ya wimbo. Watangulizie watu: "Ngoma itakuja." Wakijua inakuja, watangoja.

Klasiki ya Ulaya mara nyingi ina sehemu kadhaa zenye kimya katikati, na kimya kile si mwisho. Bach aliandika mikusanyo sita ya chelo (fidla kubwa ya sauti nzito) pekee, kila mmoja una utangulizi kisha ngoma kadhaa, jambo ambalo mtu wa bashrafu halimshangazi. Utangulizi wa ule wa kwanza hauzidi dakika tatu, ni chelo moja tu. Mpiga chelo Pablo Casals alizikuta karatasi za kazi hizi mwaka 1890 akiwa kijana wa miaka kumi na tatu, katika duka la vitu vikuukuu Barcelona, na hakuzirekodi zote sita hadi baina ya 1936 na 1939. Piga dakika zile tatu, nyamaza, zipige tena.

Hatua ya tano: kiandae kikao

Baada ya Isha, siku isiyo na harusi mtaani. Muziki usizidi dakika thelathini na tano, na maneno yako yote kwa pamoja yasizidi kumi. Vipande vitano vinatosha. Mpango wangu wa kikao cha fidla ni huu: santuri moja ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari na wenzake kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 (upande mmoja wa santuri ni kama dakika tatu), Bartók, Django na Grappelli, dakika nane za fidla ya Kihindi, kisha kidumbaki kufungia. Kimoja kati ya hivyo kitapigwa mara mbili, na wasikilizaji ndio wachague kipi.

Spika ni muhimu kuliko simu. Zile ndogo za blutuuthi hazitoi besi, na jazi bila besi ni urojo bila ukwaju. Kama huna nyingine, iweke kwenye pembe ya kuta mbili. Ukuta utakuongezea sauti nzito bila gharama. Ukipata spika ya maulidi ya mtaani, punguza sauti. Lengo ni watu wa barazani wasikie, si mtaa wa pili. Chaji kila kitu mchana, umeme hauna ahadi.

Waheshimu wasioonekana. Kwetu akinamama walikuwa wakisikiliza kwa ndani, dirishani, na kwa miezi miwili sikujua. Siku moja mtoto akatumwa: "Bibi anasema ule wa jana urudiwe." Sasa spika naigeuza nusu upande wa dirisha, na chaguo la mwisho ni lao. Wanachagua vizuri kuliko sisi; wao ndio walioomba Cesaria Evora wa Cape Verde mara tatu mfululizo, ingawa neno hata moja hatulielewi. Labda ni wivu wa kisiwa kwa kisiwa.

Hatua ya sita: sema kidogo, uliza vizuri

Kabla ya kipande, sema mambo matatu: anatoka wapi, chombo gani wakisikilize, dakika ngapi. Baada yake usiulize "mmeupenda?" maana utajibiwa "mzuri" na mazungumzo yamekufa. Uliza: "Umekukumbusha nini?" Mzee mmoja aliposikia zurna ya Kituruki, ndugu wa zumari, alianza kusimulia ngoma za Pemba za ujana wake, na kikao kikamalizikia huko. Kilikuwa kikao bora cha mwaka.

Ukitaka kuwafungua vijana, nina silaha. Mwaka 1971 mpiga piano wa Marekani Herbie Hancock alitoa albamu inayoitwa "Mwandishi". Yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: Hancock Mwandishi, na wengine Mchezaji, Jabali, Mganga, Mwile, na mmoja, wallahi, Pepo Mtoto. Muziki wenyewe ni mgumu. Wimbo wa kwanza unahesabika kwa kumi na tano. Lakini kijana aliyemcheka Pepo Mtoto huwa hasimami akaondoka mpaka amsikie akipiga.

Hatua ya saba: na sisi tutoe chetu

Kila nyumba ya hapa ina kaseti kabatini. Kabla ya kuicheza, itazame kwenye mwanga: ukiona vumbi jeupe juu ya utepe ni ukungu, usiitie kwenye mashine, itaharibu na mashine yenyewe. Iliyo salama, izungushe mbele hadi mwisho na nyuma mara moja, safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, kisha unganisha waya toka tundu la headifoni hadi kompyuta. Programu ya Audacity ni ya bure. Hifadhi kwa WAV kwanza, kama megabaiti kumi kwa dakika, ndipo utengeneze nakala ndogo ya kutuma. Usirekodi kwa kushika simu mbele ya spika na kutuma kama ujumbe wa sauti. Njia ile imetengenezwa kwa maneno ya watu, fidla inatoka kama mbu.

Ipe kila faili jina kamili: mwimbaji, kikundi, mpiga fidla kama anajulikana, mahali, mwaka, na aliyekupa kaseti. Omba ruhusa ya mwenyewe au familia yake. Ukitoza kiingilio au ukipiga hotelini au mkahawani, pitia COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kwanza. Na si kila kilichorekodiwa ni cha kusambazwa: nyimbo za unyago zina wenyewe na zina chumba chake. Ukikuta kaseti ya namna hiyo, mrudishie somo au kungwi aliye karibu, yeye ndiye atakayeamua.

Jirani yangu mvuvi naye amekuja na kaseti wiki iliyopita, haina jaladi, imeandikwa kwa kalamu "Wete" tu. Upande wa kwanza ni harusi, watu wanaongea juu ya muziki. Upande wa pili kuna mtu anapiga fidla peke yake kwa dakika kumi na moja. Ijumaa tunaiweka katikati ya Bartók na Grappelli, tuone nani barazani atamtambua.